NAMBA HAIRITHIWI



Kila mwaka jarida letu linapotoka, ukurasa huu wa maoni huwa tunautumia kulizungumza jambo moja lililotugusa katika mwaka uliopita. Safari hii tumeamua kuzungumza habari ya mchezo. Tunajua wapo watakaoguna na kusema, madrasa na michezo wapi na wapi? Tunawaomba watuvumilie mpaka mwisho. Jambo lenyewe lilianzia kiwanjani lakini likaja kuishia hapa hapa mlangoni kwetu, na tusifiche, likatutia aibu.

Mmoja wa wanafunzi wetu, kijana wa miaka 14, aliacha kuja madrasa kwa muda wa wiki tatu. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amesafiri. Siku moja baada ya swala ya Alasiri mama yake alikuja, akakaa mkekani, akatuambia hivi: "Maustadhi, mwanangu amenyang'anywa namba, na tangu siku hiyo hataki kuonana na watu." Baadhi yetu tulitabasamu. Namba gani hiyo ya kumfanya mtoto ajifungie ndani? Mama yule hakutabasamu. Akaendelea kutueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo tabasamu zetu zilivyokwisha.

Kijana huyu anacheza besiboli. Kwa wale ambao mchezo huu wameuona katika filamu za Kimarekani tu, tuueleze kwa ufupi. Timu huingiza uwanjani wachezaji tisa. Mmoja wao hurusha mpira mdogo, mgumu, wenye uzito wa gramu 145 hivi, na mpinzani husimama na gongo la mti ama la chuma ili aupige. Akiupiga vizuri hutimua mbio kuvizunguka vituo vinne, na akifanikiwa kurudi pale alipoanzia timu yake hupata alama moja. Kazi ya wale tisa ni kuudaka mpira na kuuwahisha kituoni kabla hajafika. Aliyecheza rede utotoni, ambayo wengine huiita nage, ataelewa upesi, kwani ni kulenga, kudaka na kukimbia. Tofauti ni kwamba huku kila mmoja wa wale tisa huvaa glavu kubwa ya ngozi katika mkono mmoja. Bila glavu mpira ule unavunja vidole. Mabinti nao wana mchezo ndugu yake, softiboli, ambao mpira wake ni mkubwa zaidi na hurushwa kwa mkono kupitia chini.

Hapa nchini mchezo huu bado ni mgeni. Mwaka 2012 Mjapani mmoja, Bwana Shinya Tomonari, aliyekuwa mtumishi wa shirika la JICA na aliyekwisha kuwafundisha besiboli vijana wa Ghana, alianza kuupeleka katika shule zetu. Baadaye timu za shule kutoka mikoa mbalimbali zikawa zinakutana kwa mashindano ya taifa, na mwaka 2018 kilizinduliwa kiwanja maalumu cha besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Huku kwetu Kilimanjaro, Shule ya Sekondari Sanya Juu, kule wilayani Siha, imekuwa miongoni mwa shule zilizoucheza mchezo huu na kupeleka timu katika mashindano hayo. Kwa hiyo msishangae mkiwaona vijana wa mlimani na gongo begani. Si wote wanaokwenda kupigana.

Sasa turudi kwenye namba. Sote tunajua kwamba kijana wa Kitanzania akisema "nimepata namba" anamaanisha kwamba ataanza katika kikosi cha kwanza. Katika besiboli maneno hayo ni kweli tupu, kwani kila nafasi ina namba yake tangu 1 hadi 9. Namba 1 ni mrushaji. Namba 2 ni mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Namba 3, 4 na 5 hulinda vituo. Namba 6 husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira mingi hupita kwa kasi, ndiyo maana vijana wengi huitamani. Namba 7, 8 na 9 husimama mbali kabisa, nyuma.

Timu anayochezea kijana wetu si ya shule yenye jina. Ni ya vijana wa mitaani wa hapa mjini Moshi, na inafundishwa na kijana mmoja aliyejifunza mchezo huu alipokuwa sekondari. Wachezaji ni 18. Glavu ni 8. Hesabu ya glavu, kama mnavyoona, imepungua moja.

Kijana wetu aliitafuta namba 6 kwa mwaka mzima. Kipupwe chote, wakati ukungu wa mlima unashuka mpaka mjini na watoto wengine wamejifunika blanketi, yeye akishaswali Alfajiri alikuwa akirusha mpira wa soksi ukutani na kuudaka, mara mia, mara mia mbili, mpaka jirani akalalamika. Siku za mazoezi alitangulia kufika ili apige mistari ya uwanja kwa majivu, na aliondoka wa mwisho kwa kuwa ndiye aliyeingia migombani kutafuta mipira iliyopotea. Namba akaipata. Akacheza michezo miwili.

Kisha mjomba mmoja akarudi kutoka safari ya Dubai, na katika begi lake akamletea binamu wa kijana huyu glavu mpya inayonukia ngozi. Glavu ya tisa! Timu nzima ilifurahi. Lakini binamu alikuja na sharti. Alimwambia mwalimu, "Nikicheza mimi, glavu inacheza. Nikikaa mimi, glavu inakaa." Tena hakutaka namba yoyote tu, aliitaka 6. Mwalimu alikuwa na mchezo mkubwa Jumapili ile, akaitazama glavu, akakubali. Kijana wetu akaambiwa akae benchi, bila ya neno jingine.

Ndugu wasomaji, nani kati yetu haijui habari hii? Utotoni kila mtaa ulikuwa na mwenye mpira. Awe anajua kucheza au hajui, lazima acheze. Akikosa bao, huambiwa bahati mbaya. Akikasirika, huuchukua mpira wake kwapani akaenda zake kwao, na mchezo ukaisha. Tulikuwa tukicheka. Ukweli ni kwamba siku zile ndipo wengi wetu tulipojifunza somo baya, kwamba nafasi ni ya mwenye kitu na si ya mwenye juhudi. Leo tumekuwa watu wazima, na somo lile bado tunatembea nalo maofisini, masokoni na kwenye kamati zetu.

Maoni yetu ni kwamba namba haipaswi kuwa urithi, wala zawadi, wala kodi ya glavu. Ni haki ya aliyeifanyia kazi, na yuko chini ya macho ya wenzake kila siku.

Jambo hili si geni kwa watu wa mlima huu. Wazee wetu walichimba mifongo ya kuleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, na maji yale yalikuwa na zamu. Zamu haikuwa ya mwenye nyumba kubwa. Siku ya kuuzibua mfongo ilipigwa mbiu, na kila nyumba ilitoa mtu wa kushika jembe. Asiyetokea alitozwa faini, au akakosa maji. Hapakuwa na haja ya hotuba ndefu, kwa kuwa kila mtu alijua nani alikuwamo kwenye matope na nani hakuwamo. Namba katika timu ni zamu ya maji. Ukitaka kunywa, uonekane kwenye matope.

Wajapani waliotuletea mchezo huu nao wana utaratibu unaofaa kutajwa. Mashindano yao makubwa ya shule za sekondari yalianza mwaka 1915, na uwanja wao maarufu wa Koshien ulifunguliwa mwaka 1924. Kabla ya mashindano, mwalimu huwagawia wachezaji vitambaa vyenye namba vya kushonwa mgongoni. Wale tisa wa kuanza hupewa 1 mpaka 9, kila mmoja kwa nafasi yake, na wa akiba hupewa 10 na kuendelea. Kwa miaka mingi ya karibuni waliosajiliwa kwa mchezo walikuwa 18, na tangu mwaka 2023 wamekuwa 20. Baadhi ya shule zina vijana zaidi ya mia moja timuni. Hao wengine, pamoja na waliofanya mazoezi miaka mitatu bila kupata kitambaa, hukaa jukwaani na kuwashangilia wenzao mpaka sauti zinakauka. Hatusemi kwamba hawaumii. Tunasema kwamba namba imetolewa hadharani, mbele ya wote waliotoka jasho pamoja, na hiyo ndiyo inayowawezesha kushangilia.

Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza na walimu wa michezo, wa timu hii na za nyinginezo. Mtoto anaweza kuvumilia kukaa benchi. Asichoweza kukivumilia ni kutojua sababu. Mwambie, "Mkono wako bado ni mzito," ataufanyia kazi mkono. Mwambie, "Unachelewa," atawahi. Ukinyamaza, ataitafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi ataipata mbaya zaidi: kwamba baba yake ni maskini, au kwamba jina lake si la ukoo fulani. Mizani lazima ionekane. Hata katika besiboli ya watoto inayochezwa kimataifa, ile iitwayo Little League, kanuni inamtaka mwalimu ahakikishe kila mtoto aliyesajiliwa anaingia na kucheza kwa kiasi kilichowekwa. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba mwalimu akiachiwa tamaa ya ushindi peke yake, yuko mtoto atakayezeekea benchi.

Kwa wazazi tuna neno jingine. Tunawapenda watoto wetu, na hakuna ubaya kumnunulia mtoto glavu. Ubaya ni kumnunulia namba. Majirani zetu wa Uganda walipata somo chungu juu ya njia za mkato. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mchujo na kupata haki ya kwenda Marekani kwenye fainali za dunia za Little League. Haikwenda. Ilinyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika hati za umri za watoto, na wale walioitoa jasho haki ile wakabaki nyumbani, wakubwa na wadogo, wakweli na wasio wakweli. Mwaka uliofuata, 2012, timu ya Lugazi ilishinda tena mchujo, hati zake zikawa safi, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali hizo. Ilifungwa michezo miwili, kisha ikaishinda timu ya jimbo la Oregon kwa alama 3 kwa 2. Na mwaka 2022 timu kubwa ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mlango ulikuwepo. Uliwafungukia walioujia kutoka mbele.

Na nyinyi vijana wetu, msije mkadhani kwamba anayekaa benchi ameshushwa heshima. Katika tarekh mmesoma habari za Khalid bin Walid (r.a.). Alikuwa amiri wa majeshi, jina lake likitetemesha maadui, na Sayyidna Umar (r.a.) alipotwaa ukhalifa akamwondoa katika uamiri na kumweka Abu Ubaida (r.a.). Khalid hakukusanya silaha zake akaenda nyumbani kama mwenye mpira wa mtaani. Alibaki safuni, akapigana chini ya uongozi wa mwenzake. Ikiwa shujaa yule aliweza, mtoto wa miaka 14 anaweza kujifunza. Tena huu ni mchezo unaofundisha kukosa, kwani mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila mara kumi kwa miaka mingi huhesabiwa kuwa bingwa. Mara saba amekosa, na watu wanamheshimu! Basi kukosa namba mwezi huu si mwisho wa dunia.

Sasa tufike kwenye aibu yetu wenyewe, kama tulivyoahidi.

Mama yule alipomaliza habari ya glavu, tulimwambia kwamba tutakwenda kuzungumza na mwalimu wa timu. Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa upole, "Maustadhi, na hapa kwenu je? Mahafali yaliyopita, aliyefungua kwa kisomo alikuwa nani?" Tukanyamaza. Kijana wake ndiye aliyekuwa ameandaliwa kusoma. Alirudia aya zile kwa wiki sita, na kila mwalimu aliyemsikia alikiri kwamba hapakuwa na wa kumshinda. Siku mbili kabla ya mahafali tulimbadilisha, tukampandisha jukwaani mtoto wa mfadhili mmoja aliyetusaidia kuezeka darasa. Mfadhili mwenyewe hakuomba. Sisi ndio tuliojipendekeza. Mcheza kwao hutunzwa, tukasema, na kijana yule tukamwambia, "Wewe utasoma mwakani, InshaAllah." Hatukumweleza sababu.

Kwa hiyo pale alipokuja kuporwa namba kiwanjani, kwake lilikuwa pigo la pili. La kwanza tulimpiga sisi, mahali ambapo tunamfundisha habari ya mizani na uadilifu. Mama yake alitwambia maneno ambayo kijana aliyasema nyumbani: "Mama, kujitahidi kuna faida gani?" Ndugu wasomaji, hili ndilo swali lililotufanya tuandike ukurasa huu. Mtoto aliyekosa namba ataipata nyingine. Mtoto aliyeacha kuamini juhudi ni vigumu kumrudisha.

Tulimwomba radhi kijana, mbele ya mama yake. Kisha tulikwenda kwa mwalimu wa timu. Hatukwenda kumwombea namba, maana hilo lingekuwa kosa lile lile lililovaa kanzu. Tulimwomba jambo moja tu, kwamba aseme hadharani anapima kwa mizani gani. Alhamdulillah, ni kijana msikivu. Alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: kuhudhuria, kuwahi, mipira iliyodakwa katika 20, mipira iliyorushwa ikafika kituoni katika 20, na kusaidia wenzako. Akakitundika mtini. Glavu zote, pamoja na ile ya Dubai, zikawa za timu nzima wakati wa mchezo. Mwenye yake huichukua jioni. Binamu alinuna siku mbili, kisha akaja kupimwa kama wengine.

Matokeo yake hayakuwa kama yeyote kati yetu alivyotarajia. Namba 6 haikwenda kwa kijana wetu, wala kwa binamu yake. Ilikwenda kwa mtoto mmoja wa Njoro, mnyamavu, asiye na viatu vya mchezo, ambaye hajawahi kukosa siku hata moja na ambaye hakuna mtu aliyekuwa amekuja kumsemea. Alidaka mipira 18 katika 20. Binamu alipata namba 3, na ametokea kuwa hodari pale. Kijana wetu alipata namba 9, kule nyuma kabisa ambako mpira unaweza usifike mchezo mzima. Tulidhani atavunjika moyo tena. Tulipomuuliza alisema, "Nimeona mwenyewe, Ustadhi. Yule amenizidi mipira mitatu." Jumatatu yake alirudi darasani na msahafu wake, akakaa mahali pake.

Kwa upande wetu tumeamua hivi. Kuanzia mahafali yajayo, InshaAllah, watakaosoma jukwaani watachaguliwa kwa kusikilizwa. Walimu watatu wataketi wakiupa mlango mgongo, mwanafunzi ataingia, atasoma, atatoka, na jina lake litajulikana baada ya alama kuandikwa. Awe mtoto wa mfadhili, awe yatima, awe wa mwalimu mkuu, sauti yake ndiyo itakayomsemea. Mfadhili wetu tulipomweleza alisema hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Tunawaomba wazazi mtusimamie katika ahadi hii, na siku mkituona tumeuacha utaratibu, mje mketi mkekani kama alivyofanya mama yule, mtuulize.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.